Picha kali ndani ya nyumba mwanga ukiwa hafifu: anza na kasi ya shata

Picha nyingi za ndani haziharibiwi na giza, zinaharibiwa na mtikisiko. Kamera iliyoachiwa ijiamulie kila kitu ikikuta mwanga ni haba, mara nyingi huacha shata (pazia linalofungua njia ya mwanga kufika kwenye sensa, sehemu inayonasa picha) wazi kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga wa kutosha. Ndani ya muda huo mkono wako umecheza, mtu amegeuza kichwa, mtoto amerusha mguu. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha inaonekana nzuri tu. Ivute uione kwa karibu: kope hazionekani, na maandishi ya kwenye fulana hayasomeki.

Ndiyo maana hapa hatuanzi na ISO (namba inayoonyesha kamera inakuza kiasi gani mwanga iliopata) kama ilivyozoeleka. Tunaanza na kasi ya shata, tunakuja kwenye tundu la lenzi, halafu ISO inabeba kilichobaki. Picha yenye chenga (vidoadoa vinavyoletwa na ISO ya juu) inasafishika kwenye kompyuta au hata kwenye simu, na mara nyingi anayeitazama wala hazioni. Iliyotikisika haisafishiki. Zipo programu zinazonoa picha za namna hiyo, na zinasaidia pale mtikisiko ulipokuwa mdogo, lakini uso ukishafutika, kinachorudi ni uso wa kubuni.

Maelezo mengi hapa ni ya kamera zenye lenzi za kubadilisha. Wenye simu wana sehemu yao huko mbele, ingawa sehemu ya mwanga inawahusu pia.

Kabla ya kugusa kamera, tafuta mwanga

Macho yanatudanganya. Ukiingia chumbani usiku na taa zinawaka, baada ya muda mfupi unaona kila kitu vizuri na unaamini mwanga upo. Kamera haizoei giza namna hiyo. Nje, jua likiwa kali, unapiga kwa ISO 100, f/16 (f ni namba ya ukubwa wa tundu) na shata ya 1/100, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, bila wasiwasi. Chumba cha kawaida chenye taa usiku, kwa ISO hiyohiyo 100, kinataka kitu kama f/2 na 1/15. Ukipiga hesabu, mwanga wa chumbani ni pungufu zaidi ya mara 400. Setingi nzuri zitakusaidia kuziba pengo hilo, ila kila hatua unayomsogeza mtu kuelekea kwenye taa inaziba pia, na hiyo haina gharama yoyote.

Chukua balbu moja iliyo wazi. Mtu akiwa mita 2 kutoka kwenye balbu kisha akasogea mpaka mita 1, mwanga unaomfikia unaongezeka mara nne. Mara nne ni tofauti kati ya ISO 3200 na ISO 800, na umeipata kwa kumwambia mtu asogee kidogo. Dirishani wakati wa mchana hesabu yake si hiyo hasa, lakini mwelekeo ni uleule: anayeketi mkono mmoja kutoka dirishani anapata mwanga mwingi kuliko aliye upande wa pili wa chumba. Mweke dirisha likiwa ubavuni mwake au mbele yake. Likiwa nyuma yake utapata kivuli chenye masikio.

Washa taa zote unazoweza, ila angalia rangi zake. Mwanga wa dirishani una ubluu, wa balbu nyingi za nyumbani una unjano, na ukivichanganya usoni shavu moja litatoka la chungwa na jingine la kijivu. Mchana, ukiwa karibu na dirisha, mara nyingi ni bora uzime balbu.

Amua kasi ya shata

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu una vitu viwili vinavyotikisika na kila kimoja kina dawa yake: mkono wako, na yule unayempiga.

Kwa mkono, kuna kanuni ya zamani ambayo bado inafaa kuanzia: shata isiwe ya pole kuliko moja chini ya urefu wa lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi). Lenzi ya milimita 50, shata 1/50 au haraka zaidi. Ukizumu hadi milimita 200, usishuke chini ya 1/200. Kanuni hiyo ilitengenezwa kwa kamera za filamu ya milimita 35, kwa hiyo kama sensa yako ni ndogo kuliko hapo, zidisha kwanza: mara 1.5 kwa kamera nyingi za Nikon, Sony na Fujifilm zenye sensa ya ukubwa wa APS-C, mara 1.6 kwa za Canon, mara 2 kwa Olympus na Panasonic za mfumo wa Micro Four Thirds. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya mara 1.5 inakuwa 75, na shata iliyo karibu ni 1/80. Kamera za sasa zenye megapikseli nyingi huonyesha hata mtikisiko mdogo ambao filamu isingeuonyesha, kwa hiyo ukiweza ongeza kidogo juu ya kanuni.

Kizuia mtikisiko kilichomo kwenye lenzi au kwenye kamera kinakuruhusu kuvunja kanuni hiyo. Kwenye lenzi utakiona kwa herufi: IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OSS kwa Sony, VC kwa Tamron, OS kwa Sigma. Nacho kweli kinafanya kazi. Picha ya kabati la vitabu kwa 1/10 ukiwa umeshika kamera mkononi inawezekana kabisa. Tatizo ni kwamba watu wakishaona hivyo wanadhani wamemaliza. Kizuia mtikisiko kinatuliza kamera, hakimtulizi anayepigwa. Ukimpiga mtu anayezungumza kwa 1/15, ukuta ulio nyuma yake utatoka umekaa sawasawa na midomo yake itakuwa ukungu.

Kwa hiyo swali la kwanza chumbani ni hili: anayepigwa anafanya nini? Namba ninazoanzia ni hizi, na nazibadilisha nikiona picha mbili tatu za mwanzo:

- Kitu kisichosogea, kamera iko mkononi: kanuni ya urefu wa lenzi, au chini yake kama kuna kizuia mtikisiko.
- Mtu ameketi na anajua anapigwa: 1/80 hadi 1/125.
- Watu wanaongea, wanacheka, wanakula: 1/125 hadi 1/200.
- Mtu anatembea, anacheza muziki wa taratibu: 1/250.
- Watoto wanakimbizana, dansi la nguvu, michezo ya ukumbini: 1/500, na kama mwanga unaruhusu, zaidi.

Kama huna muda wa kufikiri, weka 1/125 uende nayo. Itakuokoa mara nyingi kuliko itakavyokuangusha.

Taa zinazopepesa

Kuna jambo moja linalowachanganya watu wakishaongeza kasi ya shata. Ghafla picha moja inatoka na mwanga, inayofuata ni nyeusi kidogo, nyingine ina rangi ya ajabu, au ina mistari ya giza iliyolala kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kamera ni nzima. Taa nyingi, hasa za mirija na baadhi ya LED, zinawaka na kufifia pamoja na umeme. Katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Ulaya umeme ni wa herzi 50, hivyo taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Marekani ni herzi 60, inapepesa mara 120. Jicho halioni. Shata ya 1/500 inaona, kwa sababu inaweza kufunguka wakati taa imefifia.

Dawa ya haraka ni kurudi kwenye kasi inayokwenda na umeme: 1/100 au 1/50 palipo na herzi 50, 1/120 au 1/60 palipo na herzi 60 (kamera isiyo na 1/120, tumia 1/125, tofauti ni ndogo). Kamera nyingi za miaka ya karibuni zina setingi ya kuzuia kupepesa kwenye menyu, inayosubiri taa ing'ae ndipo shata ifunguke, iwashe. Na kama kamera yako ina shata ya kimyakimya, ile ya kielektroniki isiyotoa mlio, izime ukiwa chini ya taa hizi. Kwenye kamera nyingi inasoma sensa mstari kwa mstari, na huko ndiko mistari ya giza inakoanzia. Tumia shata ya kawaida, hata kama inapiga kelele.

Fungua tundu la lenzi

Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Lenzi iliyokuja na kamera, ile ya zumu, mara nyingi huanzia f/3.5 ukiwa hujazumu na kufika f/5.6 ukizumu hadi mwisho. Maana yake ni kwamba ukizumu ndani ya chumba chenye mwanga mdogo unajiibia mwanga mwenyewe, na papo hapo unahitaji shata ya haraka zaidi. Rudisha zumu nyuma, usogee kwa miguu.

Turudi kwenye chumba chetu cha f/2 na 1/15 kwa ISO 100. Unataka 1/125 kwa sababu watu wanaongea. Ukiwa na lenzi ya zumu kwenye f/5.6, ISO italazimika kufika 6400 hivi. Ukiwa na lenzi isiyozumu ya milimita 50 yenye f/1.8, ISO inayohitajika ni 640. Chumba ni kilekile, shata ni ileile, na tofauti ya mwanga ni karibu mara kumi. Ndiyo maana nikiulizwa kitu gani kinunuliwe kwanza na mtu anayepiga sana picha za ndani, jibu langu ni lenzi ya f/1.8, kabla ya kamera mpya. Kwa watengenezaji wengi ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko zote walizonazo. Kama kamera yako ina sensa ndogo, ile ya milimita 35 itakufaa zaidi chumbani kuliko ya 50, maana kwa ya 50 utajikuta umeegemea ukuta na bado mtu hajaenea kwenye fremu.

Tundu kubwa lina bei yake. Eneo linaloonekana kali linakuwa jembamba. Kwa milimita 50 kwenye f/1.8, sensa ikiwa kubwa (ya ukubwa wa filamu ya milimita 35), na mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, eneo hilo lina unene wa sentimita 17 hivi, kuanzia mbele hadi nyuma. Linatosha kichwa kimoja. Sogea hadi mita 1 na zinabaki kama sentimita 4: jicho la mbele litakuwa kali, sikio litakuwa limeshapotea. Watu wawili waliokaa mmoja mbele na mwingine nyuma hawawezi kutoka wote vizuri hapo, hata ufanye nini.

Kwa hiyo mtu mmoja, f/1.8 hadi f/2.2. Wawili, wapange wawe umbali mmoja kutoka kwenye kamera, f/2.8. Kundi la mistari miwili, f/4, na ukubali kwamba kutoka f/1.8 hadi f/4 mwanga umepungua karibu mara tano; ISO 640 ile inakuwa 3200. Lenzi nyingi pia zinakuwa laini kidogo tundu likiwa wazi kabisa, na kufunga kidogo tu, tuseme kutoka f/1.8 hadi f/2.2, kunaleta tofauti inayoonekana. Sikwambii ufunge hadi f/8 kwa sababu ulisikia kwamba hapo ndipo lenzi inapokuwa kali kuliko kwingine. Ni kweli, ukiwa na tripodi (stendi ya miguu mitatu).

ISO ibebe kilichobaki

Ukishaweka shata na tundu, ISO haina tena uhuru wa kuchagua. Inakuwa namba yoyote inayohitajika ili picha itoke na mwanga unaostahili. Kama ni 1600, sawa. Kama ni 6400, sawa pia. Kamera nyingi zilizotoka katika miaka kumi iliyopita zinatoa picha inayofaa kabisa kwa ISO 3200, na zenye sensa kubwa huenda 6400 na zaidi bila shida ya maana.

Woga wa ISO ndio unaoharibu picha nyingi za ndani. Mtu anakataa kupita 800, anapiga picha ikiwa nyeusi, halafu akifika nyumbani anaiongezea mwanga kwenye kompyuta. Anachopata mara nyingi ni chenga mbaya kuliko angepiga kwa ISO 3200 toka mwanzo, kwa sababu sehemu za giza ndizo zenye chenga nyingi na yeye amezivuta juu. Ni heri ISO ya juu na mwanga sahihi kuliko ISO ya chini na picha nyeusi.

Ujue pia kwamba kioo cha kamera kwenye chumba chenye giza kinang'aa kuliko picha yenyewe. Unaona picha ina mwanga mzuri, kesho yake mchana unaikuta nyeusi. Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, giza likiwa kushoto na weupe kulia. Kama mlima wote umejibana upande wa kushoto, ongeza mwanga.

Iweke kamera hivi

Mpangilio ninaoupendekeza kwa picha za watu ndani ya nyumba ni M, ambapo wewe mwenyewe unachagua shata na tundu, pamoja na ISO ya kujiendesha. Geuza gurudumu kwenye M. Weka shata 1/125. Weka tundu f/2 au kadiri lenzi yako inavyoruhusu. Kisha ingia kwenye menyu ya ISO, weka ISO ijiendeshe yenyewe, na kikomo cha juu kiwe 6400; kama kamera yako ni mpya na sensa ni kubwa, 12800. Hapo umeshika mambo mawili yanayoamua kama picha itakuwa kali, na kamera inashughulika na lile la tatu. Mtu akisogea kutoka kwenye taa kwenda kwenye kona, ISO inapanda bila wewe kugusa kitu.

Wengine wanapendelea A, ambayo kwenye Canon imeandikwa Av, ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua shata. Inafanya kazi vizuri kwa sharti moja: kwenye menyu ya ISO ya kujiendesha weka kasi ya chini ya shata, tuseme 1/125. Usipoweka, kamera inaweza kukushusha hadi 1/30 kimyakimya huku wewe unahangaika na fremu.

Kamera inaweza kudanganyika kuhusu mwanga. Dirisha likiwa ndani ya fremu, inaona chumba kina mwanga mwingi na inampiga mtu giza. Ongeza +1 kwenye kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Mtu akiwa jukwaani kwenye taa kali na nyuma yake pote ni peusi, inafanya kinyume chake na uso unaungua, yaani unakuwa mweupe kupita kiasi; punguza -1.

Piga kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata) kama una nafasi kwenye kadi. Rangi ya taa utairekebisha baadaye bila kuumiza picha, na programu za kuondoa chenga zinafanya kazi vizuri zaidi kwenye RAW. Ukipiga JPEG, tafuta setingi ya kupunguza chenga kwa ISO ya juu na uishushe. Ikiwa juu sana inafuta chenga pamoja na ngozi, nywele na nyuzi za nguo, na mtu anatoka kama sanamu la plastiki.

Fokasi gizani

Kamera inafokasi kwa kutafuta mahali ambapo giza na mwanga vinakutana. Ukuta mweupe mtupu hauipi kitu cha kushika, na shavu laini kwenye kona yenye giza ni hivyohivyo. Ndipo lenzi inapoanza kwenda mbele na kurudi nyuma bila kutulia.

Ielekeze kwenye kitu chenye ukingo: mstari wa kope, kola ya shati dhidi ya shingo, fremu ya miwani. Chagua pointi moja ya fokasi badala ya kuiachia kamera ichague yenyewe, maana ikiachiwa hupenda kitu kilicho karibu zaidi, na mezani kitu hicho huwa ni glasi. Kwenye kamera nyingi za DSLR (zile zenye kioo cha kuakisi ndani) pointi ya katikati ndiyo yenye uwezo mkubwa gizani. Kamera mpya zisizo na kioo hicho ndani zinazotambua macho zimerahisisha sana jambo hili. Kama yako inayo, iwashe na usiizime tena.

Ukitumia pointi ya katikati kisha ukageuza kamera ili kupanga fremu, kwa f/4 hakuna tatizo. Kwa f/1.8 ukiwa karibu, ule mgeuko peke yake unatosha kuhamisha fokasi kutoka jichoni hadi nyuma ya sikio. Hamisha pointi badala ya kamera.

Mtu akiwa ametulia tumia fokasi ya mara moja: AF-S kwa Nikon na Sony, One Shot kwa Canon. Akisogea tumia ile inayofuata, AF-C, ambayo kwenye Canon nyingi inaitwa Servo. Taa ndogo ya kusaidia fokasi iliyo mbele ya kamera inasaidia kweli, ingawa kwenye shughuli ya watu inaudhi. Anayetazamwa na taa hiyo hafanyi tena alichokuwa akifanya. Vinginevyo mwombe mtu amulike kwa tochi ya simu sekunde moja, ufokasi, azime, ndipo upige.

Mkono, ukuta na pumzi

Viwiko viguse mbavu. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, usiwe ubavuni mwake. Tazama kupitia kidirisha cha kuchungulia, usinyooshe mikono mbele ukitazama kioo cha nyuma, kwa sababu paji la uso ni sehemu ya tatu inayoishika kamera. Egemea ukuta au mlango. Toa pumzi, na kabla hujavuta nyingine, bonyeza taratibu mpaka kitufe kijibu chenyewe.

Ukiwa umelazimika kushuka hadi kasi ya hatari, piga mfululizo wa picha tatu au nne kwa kushikilia kitufe. Ya kwanza inabeba mtikisiko wa kubonyeza, ya mwisho ule wa kuachia. Iliyo kali mara nyingi iko katikati.

Kisichosogea: weka tripodi

Chumba kitupu, meza iliyopangwa, bidhaa unayotaka kuuza, mchoro ukutani: sahau yote ya juu. Kamera kwenye tripodi, ISO 100, f/8, na katika chumba chetu kilekile shata itakuwa sekunde 1. Zima kizuia mtikisiko kama kamera yako haitambui tripodi yenyewe, maana baadhi ya vizuia mtikisiko huhangaika kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta. Weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiwepo wakati shata inafunguka. Huna tripodi? Rundo la vitabu juu ya kiti linatosha.

Flashi

Ile iliyojengwa ndani ya kamera inampiga mtu usoni moja kwa moja, inafanya paji ling'ae na kuacha kivuli kikali ukutani. Itumie ukikosa kabisa. Flashi ya kuchomeka juu ya kamera yenye kichwa kinachogeuka ni kitu tofauti: ielekeze kwenye dari jeupe, mwanga ushuke ukiwa umetawanyika, na ghafla unapiga kwa f/4 na ISO 800 kila kitu kikiwa kikali. Mmuliko wake ni wa muda mfupi sana, mara nyingi mfupi kuliko 1/1000, kwa hiyo wenyewe unamsimamisha mtu. Kamera nyingi hazikubali shata kupita 1/200 au 1/250 pamoja na flashi ya kawaida; ukipita hapo sehemu ya picha inatoka nyeusi. Dari likiwa la mbao au la rangi, watu nao watachukua rangi hiyo.

Kwa wenye simu

Futa lenzi ya kamera kwanza. Simu inakaa mfukoni na mikononi siku nzima, na alama ya kidole kwenye lenzi inageuza kila taa kuwa wingu.

Tundu la simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo kinachochezwa ni shata na ISO tu. Modi ya usiku inapiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha. Kwa chumba na vitu inafanya maajabu, kwa mtoto anayeruka inatoa mizimu. Watu wakiwa wanasogea, izime, wapeleke kwenye mwanga zaidi, na kama simu ina modi ya Pro weka shata 1/100 mwenyewe. Baki kwenye 1x. Kamera kuu ndiyo yenye sensa kubwa na tundu kubwa kuliko nyingine zilizomo kwenye simu, na gizani simu nyingi ukibonyeza 3x hukata tu kipande cha picha ya kamera kuu na kukikuza. Gusa uso kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwanga kidogo kwa kidole kama uso umeungua.

Kuisoma picha iliyoharibika

Usisubiri kufika nyumbani. Piga mbili tatu, vuta moja kwenye kioo hadi uone jicho peke yake, na uangalie imeharibikaje.

Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, ukuta pamoja na mtu, na taa ndogo zimekuwa mistari, huo ni mkono wako: ongeza kasi ya shata au egemea kitu. Kama ukuta na kiti viko sawa lakini mkono au uso ni ukungu, aliyesogea ni yeye, na kizuia mtikisiko hakitakusaidia; nenda 1/250. Kama hakuna kilichovutika lakini kilicho kali ni pazia la nyuma au ncha ya pua, hiyo ni fokasi: hamisha pointi, au funga tundu hadi f/2.8. Kama kila kitu kimekaa mahali pake ila kuna chenga, hujakosea chochote, endelea. Kama hakuna chenga kabisa kwa ISO 6400 na ngozi imekuwa nta, rudi kwenye menyu ushushe ule usafishaji wa chenga. Na kama picha yote ina utandu laini na taa zina miduara ya ukungu, toa kitambaa ufute lenzi kabla hujabadilisha setingi yoyote.